Alama ngeni katika kitabu cha hisabati: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita hapa Kigoma, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na mwezi wa kumi naanza chuo. Ili nisifike mikono mitupu nimeazima vitabu viwili. Kimoja, ukurasa wa 11, kina mstari huu: ∀ε > 0 ∃N ∈ ℕ : n ≥ N ⇒ |aₙ − L| < ε. Nimeukodolea macho siku tatu. Cha pili kimetafsiriwa kutoka Kifaransa, na kila mahali kinaandika ]0, 1[, nami nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Je, ipo kamusi ya alama hizi niikariri kabla chuo hakijafunguliwa, au kichwa changu ndicho hakifiki huko?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kichwa chako hakina kasoro, na ushahidi umo ndani ya swali lako, kwa kuwa umeunakili mstari ule mzima bila kukosea alama hata moja, jambo ambalo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawaliwezi. Ama kamusi, orodha za alama zipo, tena vitabu vingi huwa nazo kurasa za mwanzo au za mwisho, lakini sikushauri uikariri hata moja, kwa sababu mbili ambazo ndizo jibu langu lote. Ya kwanza ni kwamba alama ya hisabati ni kifupisho cha maneno ambayo mengi yake unayo tayari, kwa hiyo kazi yako ni kuyarudisha maneno hayo mahali pake na kuyatamka, mpaka mstari ugeuke kuwa sentensi. Ya pili ni kwamba alama ileile hubeba maana hii katika kitabu hiki na maana nyingine katika kitabu kile, na wakati mwingine hubadilika ndani ya kitabu kimoja, kwa hiyo maana yake hutafutwa katika ukurasa ulio mbele yako.

Niseme kwanza alama hizi zilikotoka, maana hapo ndipo hofu inapopungua. Hisabati iliishi karne nyingi bila alama. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9 kitabu ambacho katika jina lake tumepata neno aljebra, hakutumia alama yoyote, na hata namba aliziandika kwa maneno. Hesabu yake mojawapo mashuhuri husema kwamba mali moja pamoja na mizizi yake kumi ni sawa na dirhamu thelathini na tisa. Neno alilotumia ni lilelile mali tunalolitamka sisi kila siku, naye alikusudia kwalo namba iliyozidishwa kwa yenyewe, na mzizi ni namba yenyewe kabla ya kuzidishwa. Leo tunaandika x² + 10x = 39, na jibu lake chanya ni 3, kwa kuwa mali ni 9, mizizi kumi ni 30, na jumla ni 39. Wewe unausoma mstari huo kwa kupepesa jicho, lakini unachosoma ni ile sentensi ya Baghdad, imebanwa tu. Alama ya usawa nayo ililetwa mwaka 1557 na Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, akaieleza sababu yake waziwazi: alitaka kuepuka kuyarudia kila mara maneno "ni sawa na", akachora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Alama zote ulizoziona ukurasa wa 11 zimezaliwa kwa namna hiyo, mtu alipochoka kuandika maneno yaleyale.

Sasa tuushike mstari wako. Alama ∀ ni A iliyopinduliwa juu chini, iliyoanza kutumiwa na Gerhard Gentzen mwaka 1935 kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya "wote", na husomwa "kwa kila". Herufi ε inayoifuata ni ya Kigiriki, nayo huitwa epsiloni. Alama ∃ ni E iliyogeuzwa, ya Mwitaliano Giuseppe Peano, na husomwa "kuna". Alama ∈ nayo ni ya Peano, ya mwaka 1889, aliyoitoa katika herufi ya mwanzo ya neno la Kigiriki ambalo kwa Kiswahili ni "ni" basi, kwa hiyo N ∈ ℕ inasomeka "N ni namba ya kuhesabia", na huhitaji kurefusha zaidi ya hapo. Nukta mbili zilizo katikati husomwa "hivi kwamba". Mshale ⇒ ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu kwa Kiswahili hutamkwa mahali pawili: "ikiwa" hutangulia kipande cha kushoto, na "basi" hutangulia kipande cha kulia, kwa hiyo ni lazima uuone mshale kabla hujaanza kusoma kilicho kushoto kwake. Mistari miwili ya wima inayoizunguka aₙ − L hapa ni umbali kati ya namba mbili hizo kwenye mstari wa namba, bila kujali ipi imetangulia. Herufi a yenye n ndogo chini yake ni namba iliyo katika nafasi ya n kwenye orodha isiyokwisha, na L ni namba moja ambayo orodha hiyo inadaiwa kuikaribia.

Ukiyaunganisha hayo unapata sentensi hii: kwa kila ε iliyo kubwa kuliko sifuri, kuna N ambayo ni namba ya kuhesabia, hivi kwamba ikiwa n ni kubwa kuliko N au sawa nayo, basi umbali kati ya aₙ na L ni mdogo kuliko ε. Itamke kwa sauti, mara tatu, hata kama walio karibu watakushangaa. Kisha iseme upya kama unavyomweleza mdogo wako: nitajie umbali wowote mdogo unaoutaka, nami nitakuonyesha nafasi katika orodha ambayo kuanzia hapo namba zote, bila kuacha hata moja, ziko karibu na L kuliko umbali ulionitajia. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba L ni kikomo cha orodha.

Usiishie kwenye maneno, kwa kuwa maneno nayo huweza kutamkwa bila kueleweka. Chukua orodha 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, yaani aₙ = 1/n, na uweke L = 0. Mimi nakutajia ε = 0.01. Nafasi ya 100 ina 1/100, ambayo ni 0.01 kamili, nayo haitoshi kwa sababu mstari unadai "ndogo kuliko", haukusema "au sawa". Nafasi ya 101 ina 1/101, takriban 0.0099, na zote zinazofuata ni ndogo zaidi, kwa hiyo N = 101 inafaa. Hata N = 500 inafaa, kwa sababu mstari umesema kuna N, haukusema ni moja tu wala haukusema ni ndogo kuliko zote. Nikikubana zaidi kwa ε = 0.001, ile 101 haitoshi tena, nawe utaniletea 1001. Hapo umeliona kwa macho jambo ambalo alama zimelibana kimyakimya, kwamba N huchaguliwa baada ya ε kutajwa na huitegemea.

Mpangilio huo ni mambo yote. Ukibadilisha nafasi za alama mbili za kwanza, ukaandika ∃N ∈ ℕ ∀ε > 0, unadai kwamba kuna nafasi moja inayoridhisha kila ε kwa mpigo, na orodha pekee inayoweza hivyo ni ile ambayo kuanzia nafasi hiyo kila namba ni L yenyewe. Orodha ya 1/n inaanguka hapo hapo. Kiswahili chako tayari kinaijua tofauti hii: kila mlango una ufunguo wake ni habari moja, na kuna ufunguo unaofungua kila mlango ni habari nyingine kabisa. Ninakuonya pia juu ya neno "yoyote". Katika mazungumzo tunasema "namba yoyote" tukikusudia kila namba, lakini katika "kama namba yoyote ni hasi, acha" tunakusudia angalau moja. Ndiyo maana, unapoitamka ∀ kwa usomaji wa kwanza, shikamana na "kila", na "yoyote" liache mpaka umeshaelewa.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu chako hakikukuambia. Tazama herufi za mstari ule, uziulize moja moja imetoka wapi. Herufi a na L zimetoka nje, yaani zilitajwa kabla ya mstari, na mstari wote ni habari inayohusu hizo mbili. Lakini ε, N na n zimezaliwa ndani ya mstari na zinafia humohumo, kiasi kwamba ungeweza kuandika k badala ya n kila mahali na habari isibadilike hata chembe. Sasa, ε ilizaliwa na ∀, N ilizaliwa na ∃, je, n ilizaliwa na nini? Haina mzazi aliyeandikwa. Mwandishi ameruka ∀n kwa mazoea, na waandishi wengi hufanya hivyo kabla ya mshale, wakitegemea kwamba msomaji ataijaza mwenyewe "kwa kila n". Mimi siipendi tabia hiyo katika kitabu cha wanaoanza. Inamfanya mwanafunzi makini, anayetafuta maana ya kila kitu, ajione mjinga kwa sababu ya kitu ambacho hakikuandikwa.

Swali hilohilo la herufi imetoka wapi litakusaidia utakapokutana na Σ, herufi kubwa ya Kigiriki iitwayo sigma, ambayo Leonhard Euler aliitumia mwaka 1755 kwa maana ya jumla, na ambayo katika somo la takwimu hutaikwepa hata wiki moja. Utaona fomula ya kupima jinsi namba zilivyotawanyika, s² = (1/(n − 1)) Σ (xᵢ − x̄)², huku chini ya sigma pameandikwa i = 1 na juu yake n. Tuseme kuku wa mama wametaga siku tano mayai 12, 15, 11, 14 na 13. Herufi n imetoka nje, nayo ni 5. Ile x yenye kistari juu ni wastani, yaani 65 gawanya kwa 5, ambao ni 13. Herufi i imezaliwa na sigma na inatembea kutoka 1 hadi 5, na kila inapotua inachukua siku moja: −1, 2, −2, 1, 0. Vipeo vyake vya pili ni 1, 4, 4, 1, 0, jumla 10, na 10 gawanya kwa 4 ni 2.5. Fomula iliyotisha imekuwa hesabu ya dakika tatu, na baada ya jumla kupatikana i haipo tena popote. Ukiona jibu la mwisho la mtu lina i ndani yake, jua kuna mahali ameteleza.

Niliahidi kueleza kwa nini kukariri hakusaidii, na mistari miwili ya wima ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Katika mstari wako ni umbali. Ndani yake pakiwa na seti, |A| ni idadi ya memba wake, ile ambayo shuleni mlikuwa mkiiandika n(A). Ndani yake pakiwa na matriksi, yaani jedwali la namba, |A| ni determinanti yake, ambayo inaweza hata kuwa namba hasi, kitu ambacho umbali na idadi haviwezi kamwe. Mstari mmoja wa wima kati ya namba mbili kamili, kama 3 | 12, husema kwamba 3 huigawa 12 bila kubakiza; ndani ya mabano ya seti husomwa "ambazo"; na katika P(A | B), yaani uwezekano wa tukio A, husomwa "iwapo imeshajulikana kwamba". Mtu akikariri maana moja kati ya hizo atakuwa amejitegea mtego. Lakini wewe ni Mswahili, na jambo hili unalifanya tangu utoto. Ukisikia "ua limechanua" hufikirii uzio, na ukisikia "ua umebomoka" hufikirii waridi, na mtu akipiga kelele "ua huyo nyoka!" hutafuti waridi wala uzio bali fimbo. Ngeli ya kitendo imekuambia ni ua lipi. Katika hisabati kinachofanya kazi ya ngeli ni aina ya kitu: kabla hujauliza alama ina maana gani, uliza ndani yake mna nini, je ni namba, ni seti, ni matriksi, au ni tukio. Mwandishi mwangalifu atakuwa ametangaza aina hiyo juu kidogo, kwa maneno kama "tuchukue A kuwa seti", na maneno hayo ambayo wasomaji huyaruka ili wawahi fomula ndiyo yenye ufunguo.

Tuje kwenye kitabu chako cha Kifaransa. Mpiga chapa hakukosea. ]0, 1[ ni namba zote zilizo kati ya 0 na 1, bila 0 yenyewe wala 1 yenyewe, ambazo vitabu vya Kiingereza huziandika (0, 1). Bano la mraba likiielekea namba, namba hiyo imo, likiipa mgongo, haimo, kwa hiyo ]0, 1] haina 0 lakini ina 1. Mtindo huu ulienezwa na kundi la wanahisabati, wengi wao Wafaransa, ambao tangu miaka ya 1930 waliandika kwa pamoja kwa jina la kubuni la Nicolas Bourbaki, na ndio unaofundishwa Ufaransa na katika nchi zinazosomesha kwa Kifaransa, wakiwemo majirani zako wa Burundi na wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa maoni yangu ni mtindo bora kuliko wetu, kwa sababu (0, 1) kwetu ni pia jina la nukta kwenye grafu, na mwanafunzi hulazimika kukisia. Kwa kuwa umeshika kitabu hicho, angalia na mengine matatu. Desimali huandikwa kwa mkato, 3,14 badala ya 3.14, na ndiyo sababu kati ya namba mbili pengine utaona nukta mkato. Tanjenti huandikwa tg katika vitabu vyake vya zamani. Na neno la Kifaransa linalotafsiriwa "chanya" huijumuisha sifuri, tofauti na kwetu ambako chanya ni kubwa kuliko sifuri, na mtafsiri asipokuwa makini tofauti hiyo hupenya hadi kwenye tafsiri.

Kuhusu sifuri nikae kidogo, kwa maana vitabu vyako viwili huenda vinapingana bila kukuambia. Shule ya msingi ulifundishwa kwamba namba za kuhesabia huanza 1, na namba nzima huanza 0. Kifaransa huanza ℕ kwa 0, na wakitaka kuiondoa sifuri huweka nyota, ℕ*. Kanuni ya kimataifa ya alama za hisabati, ISO 80000-2, nayo huihesabu 0 kuwa ndani ya ℕ, lakini vitabu vingi vya Kiingereza huanza 1, na hakuna polisi wa kuwakamata. Sasa rudi kwenye orodha yetu ya 1/n: ikiwa orodha inaanza nafasi ya 0, namba ya kwanza ni 1 gawanya kwa 0, ambayo haipo. Kwa hiyo swali la ℕ inaanzia wapi linagusa hesabu yenyewe, na jibu lake liko katika kurasa chache za mwanzo za kila kitabu, ambako mwandishi hutaja makubaliano yake. Hali ni hiyo hiyo kwa ⊂, alama ya seti iliyo ndani ya nyingine, ambayo kwa wengine huruhusu seti mbili ziwe sawa na kwa wengine hairuhusu, na kwa log, ambayo sekondari ilikuwa ya kizio cha 10, katika vitabu vya juu mara nyingi ni ya kizio e, na kwa watu wa kompyuta ni ya 2.

Mtego mmoja wa zamani usikupite. John Herschel alianza mwaka 1813 kuandika sin⁻¹ x kwa maana ya pembe ambayo sini yake ni x, na kikokotoo chako kinafuata hilo hadi leo, ilhali sin² x ni sini ya x iliyozidishwa kwa yenyewe. Namba ndogo iliyo juu ina kazi mbili tofauti mahali palepale. Sini ya 30° ni 0.5, kwa hiyo sin⁻¹(0.5) ni 30°, lakini 1 gawanya kwa sini ya 30° ni 2. Ukipata nafasi ya kuchagua, andika arcsin.

Hayo yote unaweza kudhani ni fujo ya wataalamu wa huko juu, kumbe hata MAGAZIJUTO tuliyoimba darasani (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ni makubaliano ya aina hiyohiyo. Ukiifuata herufi kwa herufi, 12 − 3 + 2 ingekuwa 12 − 5, yaani 7, kwa kuwa jumlisha imetajwa kabla ya toa. Jibu sahihi ni 11, kwa sababu kujumlisha na kutoa viko daraja moja na huenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kugawanya na kuzidisha hali kadhalika. Kifupisho hakikubeba habari hiyo, na kila mwaka napokea wanafunzi waliokikariri kikamilifu ambao hukosea hapo.

Unapokutana na alama usiyoijua, utafutaji wake uende hivi. Rudi nyuma kurasa kwa kurasa mpaka pale ilipoonekana kwa mara ya kwanza, kwa kuwa karibu na hapo ndipo fasili ilipo; ukiona := ujue kilicho upande wa nukta ndicho kinachopewa jina kwa mara ya kwanza. Kama hupati, tazama orodha ya alama, kisha faharasa. Kama kitabu ni cha kwenye simu, nakili alama yenyewe uibandike katika utafutaji wa intaneti, na ikiwa ni cha karatasi, tovuti iitwayo Detexify hukuruhusu kuichora kwa kidole ikakuonyesha zinazofanana nayo. Jioni moja itenge kwa ajili ya herufi 24 za Kigiriki, uziandike kwa mkono na kutamka majina yake, kwa sababu huwezi kufikiri vizuri juu ya kitu usichoweza kukiita. Nasema hivyo kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilinakili ∈ na ε kwa umbo moja kwa majuma matatu, nikidhani mkono wa mhadhiri ndio unaoyumba, na nilipoketi kujisomea kwa ajili ya mtihani madaftari yangu yalikuwa hayasomeki hata kwangu. Tofautisha vilevile ν na v, ω na w, ρ na p, na uangalie kama herufi imekolezwa, maana v iliyokolezwa kwa kawaida ni vekta na v nyembamba ni namba tu.

Halafu fungua daftari moja kwa kila kitabu, si moja kwa vyote. Kila ukurasa ugawe safu nne: alama yenyewe, jinsi ninavyoitamka kwa Kiswahili, ukurasa ilipoanzia, na mfano mmoja wenye namba halisi. Safu ya nne ndiyo watu huiacha kwa uvivu, nayo ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu mfano wa 101 na 0.01 utaukumbuka hata miaka kumi baadaye. Na usione haya kwa kutumia saa nzima katika ukurasa mmoja. Kitabu cha aina hiyo hakisomwi kama gazeti, na siku tatu ulizotumia kwenye mstari mmoja hazikupotea ikiwa siku ya nne unaandika sentensi yake.

Kabla hujafungua ukurasa wa 12, nifanyie hili. ℝ ni seti ya namba halisi, yaani zote zilizo kwenye mstari wa namba. Andika kwa Kiswahili kamili mistari hii miwili: ∀x ∈ ℝ ∃y ∈ ℝ : y > x, na ∃y ∈ ℝ ∀x ∈ ℝ : y > x. Mmoja ni kweli na mwingine si kweli. Nitumie sentensi zako mbili, uniambie upi si kweli, na unitajie x inayouangusha.